Shabiki, usimwandikie kijana!

Leo naomba niwapeleke Marekani, mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina, mwezi Aprili mwaka 2009. Pale kuna chuo kikuu kinachoitwa North Carolina State, wenyewe hufupisha na kukiita NC State. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Si kocha, si wakala, hana hata senti ya kumhonga mtu. Kosa lake ni moja tu: alifungua kikundi kwenye Facebook na kukipa jina la kumsihi John Wall aje NC State, na mwishoni akapanga alama za mshangao kama mtu anayepiga kelele uwanjani.

John Wall alikuwa mtoto wa Raleigh hapohapo, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na vyuo vikubwa vya nchi nzima vilikuwa vikimgombea kwa jinsi alivyocheza mpira wa kikapu. Mamia ya watu wakajiunga na kile kikundi. Wengi wao nadhani walikuwa kama mimi na wewe, watu wa kubonyeza halafu wanaendelea na shughuli zao.

Kisha ikaja barua. Haikutoka polisi wala mahakamani. Ilitoka kwenye ofisi ya chuo chake mwenyewe, ile inayosimamia kanuni za michezo. Ilimtaka aache mara moja, na ikamwonya kwamba asipotii hatua zaidi zingefuata. Kijana wa watu akabadilisha jina la kikundi, likawa la kutaka ubingwa wa taifa urudi NC State, na jina la Wall likaondoka.

Niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza nilicheka sana. Hivi kweli chuo kikuu kizima kinamwogopa mtoto mwenye kompyuta? Lakini nilipoanza kufuatilia historia yake kicheko kikapungua. Siyo kwamba kiliisha, kilipungua tu.

Sisi Watanzania mwaka ule wa 2009 tunaukumbuka kwa jambo jingine. Ndiyo mwaka ambao Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka 3 na kuchaguliwa wa 2 kwa nchi nzima kuingia NBA. Nilikuwa bado shule ya msingi, na kila mtoto mrefu mtaani aliitwa Hasheem. Tulijua amefika. Hatukujua kwamba kabla ya kijana yeyote kufika huko kuna ulimwengu mzima wa kuwindana, wenye kitabu cha kanuni kinene kama cha sheria za nchi.

Wanaosimamia kitabu hicho ni chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Kilizaliwa mwaka 1906, na si kwa sababu ya usajili. Mwaka uliotangulia vijana kadhaa walikufa wakicheza futiboli yao, ile ya kukumbatia mpira na kugongana vichwa, hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia hatari hiyo. Kwa hiyo chama kilianza kama kazi ya kuzuia watoto wasife. Suala la fedha lilikuja baadaye, ingawa ukweli ni kwamba fedha zilikuwepo tangu siku ya kwanza: mashindano ya kwanza kabisa kati ya vyuo vya Marekani, mbio za mashua za Harvard na Yale mwaka 1852, yaligharamiwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria.

Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti baada ya wachunguzi wake kutembelea vyuo zaidi ya 100, na ikaonyesha kwamba kuwarubuni vijana wa sekondari na kuwalipa kwa njia za kificho ulikuwa mtindo wa kawaida. Kila mtu akashtuka, kila mtu akaendelea. Mwaka 1948 NCAA ikaandika kanuni kali, watu wakaziita Kanuni za Akili Timamu. Zilikataza kumfuata kijana nje ya chuo na kumwahidi fedha. Miaka 2 haijatimia, vyuo 7 vikakutwa havitii. Januari 1950 wajumbe wakapiga kura ya kuvifukuza: 111 wakasema vifukuzwe, 93 wakakataa. Walihitaji theluthi mbili, hazikupatikana. Mwaka uliofuata kanuni zenyewe zikafutwa. Kwa hiyo akili timamu ilidumu miaka 3 hivi!

Sasa turudi Raleigh, maana historia ya chuo hiki ndiyo inayoeleza ile barua.

Mwaka 1956 NC State walimpata kijana mmoja hodari kutoka Louisiana aliyeitwa Jackie Moreland. NCAA ikadai kwamba kijana huyo aliahidiwa masomo ya miaka 5, fedha za nguo, na kubwa kuliko yote, mchumba wake kusomeshwa udaktari kwa miaka 7. Hebu fikiria. Mtu unasajili mchezaji na wakati huohuo unamsomesha mchumba wake awe daktari. Chuo kilikanusha, lakini kikafungiwa miaka 4 kutocheza mashindano ya taifa, adhabu ambayo wakati ule ilikuwa nzito kupita kiasi.

Halafu akaja David Thompson mwanzoni mwa miaka ya 1970, labda mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya chuo hicho. Msimu wa 1972 hadi 1973 NC State walicheza mechi 27 na kushinda zote 27. Hawakwenda kwenye mashindano ya taifa. Walikuwa kifungoni kwa makosa ya kumsajili Thompson, na makosa yenyewe ukiyasoma leo unajiuliza kama ni utani: kulala bure kwenye bweni, na kocha msaidizi kuingia kucheza naye mpira wa kujifurahisha. Msimu uliofuata walirudi, wakawatoa UCLA waliokuwa wametwaa ubingwa miaka 7 mfululizo, wakawa mabingwa. Wazee wa Raleigh hadi leo watakuambia walistahili mawili.

Kwa hiyo ofisi ile ya mwaka 2009 haikuwa ikimwogopa mtoto. Ilikuwa ikiikumbuka sakafu ya bweni.

Na kanuni iliyomnasa yule mwanafunzi ilikuwa na shabaha nyingine kabisa. Kitabu cha NCAA kinamtaja mtu anayeitwa mwakilishi wa maslahi ya michezo ya chuo. Huyu ni yeyote aliyewahi kuichangia timu, kuwa mwanachama wa klabu ya wachangiaji, kumtafutia mchezaji kazi, au kusaidia kuitangaza michezo ya chuo. Ukishaingia kwenye kundi hilo hutoki, ni kama ukoo. Na mtu wa kundi hilo haruhusiwi kumshawishi kijana aje chuoni. Aliyeandika kanuni hiyo hakuwa akimfikiria mtoto wa mwaka wa kwanza anayekula maharage ya bwenini. Alikuwa akimfikiria tajiri mwenye bahasha.

Matajiri hao walikuwepo kweli. Chukua chuo cha Southern Methodist kule Dallas, SMU. Dallas ya miaka ya 1980 ilikuwa mji wa mafuta na majengo marefu, na wenye fedha walitaka timu yao ishinde kama biashara zao zilivyoshinda. Uchunguzi ulionyesha kwamba wachezaji 13 walilipwa jumla ya dola 61,000 kutoka mfuko uliotunishwa na mpenzi mmoja wa timu, na malipo hayo yaliendelea wakati chuo tayari kiko kifungoni kwa makosa ya aina hiyohiyo! Februari 1987 NCAA ikafuta msimu mzima wa futiboli wa SMU. Wamarekani waliita adhabu hiyo hukumu ya kifo. Siku chache baadaye Gavana wa Texas, Bill Clements, aliyekuwa ameongoza bodi ya chuo, akakiri hadharani kwamba waliamua malipo yaendelee kwa kuwa vijana walikuwa wameshaahidiwa. Gavana wa jimbo! Timu ilirudi uwanjani mwaka 1989, na haikucheza tena mechi ya heshima ya mwisho wa msimu hadi mwaka 2009.

Wenzangu wanaoandika habari za usajili wa Simba na Yanga hapa wanatabasamu, najua. Hadithi za mchezaji kufichwa nyumbani kwa mwanachama mwenye uwezo hadi dirisha lifungwe tumelelewa nazo. Tofauti ni kwamba kwetu anayefichwa kwa kawaida ni mtu mzima anayejua bei yake. Kule anayegombewa ni mwanafunzi wa sekondari, ana miaka 16 au 17, na kisheria hata mkataba hawezi kusaini peke yake.

Baadaye zikaja simu za mkononi, na hapo ndipo kanuni zilipoanza kuchekesha. Kupiga simu kulikuwa na mipaka ya idadi, ila SMS haikuwa na mipaka, maana walioandika kanuni hawakuijua. Makocha wakagundua mwanya. Kijana yuko darasani, simu inatetemeka, kocha. Yuko mezani na mama yake, simu inatetemeka, kocha mwingine. Marekani wakati ule mtu aliweza kutozwa hata kwa meseji anayopokea, kwa hiyo familia ya mtoto ndiyo iliyolipia kusumbuliwa! Wawakilishi wa wanamichezo wenyewe wakalalamika, na kuanzia Agosti 2007 NCAA ikapiga marufuku meseji kabisa. Barua pepe na faksi zikabaki halali. Ujumbe wa faragha wa Facebook ukahesabiwa kuwa ni barua pepe, ukaruhusiwa, ila kumwandikia kijana ukutani mwake mbele ya watu ikawa haramu. Nawaonea huruma watu waliolipwa mshahara kuamua mambo hayo.

Aliyeungua zaidi ni kocha Kelvin Sampson. Akiwa Oklahoma, yeye na wasaidizi wake walipiga simu 577 zisizoruhusiwa. Mwaka 2006 akahamia Indiana, akaadhibiwa mwaka huohuo, simu zikaendelea, na Februari 2008 akaondoka. Mwishoni mwa mwaka huo NCAA ikampa adhabu ambayo kwa miaka 5 ilifanya iwe vigumu kwa chuo chochote kumwajiri. Sasa sikilizeni. Juni 2012, muda wa adhabu haujaisha, NCAA hiyohiyo ikafungua milango katika kikapu cha wanaume: simu na meseji bila kikomo kwa vijana waliomaliza mwaka wa pili wa sekondari. Futiboli ikafuata mwaka 2016 kwa upande wa meseji. Kosa lililomwangusha mtu likageuka kuwa kazi ya kila siku ya ofisini. Sampson alirudi, na Aprili 2025 aliifikisha Houston fainali ya taifa, wakafungwa na Florida 65 kwa 63.

Hata Connecticut ya Thabeet haikupona. Februari 2011 iliadhibiwa kwa simu na meseji zilizohusu usajili wa kijana mwingine, Nate Miles, ambaye hakuwahi kuichezea. Katikati ya sakata hilo alikuwemo wakala aliyewahi kuwa mwanafunzi msaidizi wa timu hiyo akiwa chuoni. Thabeet hakuhusika, nasema mapema kabla watu hawajaanza.

Tuje kwa mashabiki. Baada ya Facebook ikaja Twitter, na pale hakukuwa na haja hata ya kufungua kikundi. Kijana akitangaza kwamba anafikiria vyuo 5, usiku huohuo mashabiki wa vyuo vyote 5 wako kwenye simu yake. Wanaanza na sifa, "njoo nyumbani, mdogo wetu". Akichagua kwingine, walewale waliomwita mdogo wao wanamtakia avunjike goti. Watu wazima, wana wake na watoto, wanamtukana mtoto wa miaka 17 kwa sababu amechagua shule.

Na si matusi tu. Mwaka 2012 kule Ohio, shabiki mmoja aliyewahi kutiwa hatiani kwa makosa ya kingono yanayohusu watoto alikuwa akijisogeza kwa wachezaji na kupiga nao picha, na chuo kikalazimika kuwatahadharisha wanamichezo wake. Kijana mmoja aliyepigwa picha naye, Alex Anzalone, ambaye baadaye alicheza NFL, aliondoa ahadi yake ya kujiunga na Ohio State. Kuanzia hapo sikuweza tena kuicheka ile barua ya Raleigh kwa moyo mweupe. Kumbe ndani ya kanuni ile ya kipuuzi kulikuwa na jambo la haki kabisa: mwacheni mtoto aamue bila umati mlangoni. Mimi nakubaliana nalo. Ninalokataa ni namna lilivyotekelezwa, maana aliyekamatwa ni yule aliyeandika jina lake wazi kwenye Facebook. Mwenye bahasha hafungui kikundi.

Na ushahidi haukuwa mbali. Mwaka 2018, katika kesi ya ulaghai wa usajili iliyoendeshwa New York baada ya uchunguzi wa FBI, shahidi aliyewahi kufanya kazi na Adidas aliiambia mahakama kwamba alipeleka dola 40,000 kwa kocha msaidizi wa NC State, zikikusudiwa kufika kwa familia ya mchezaji Dennis Smith Jr. Ndiyo, NC State ileile. Mwezi Desemba 2021 chuo kikapewa mwaka mmoja wa kuwa chini ya uangalizi, na kocha huyo msaidizi vikwazo vya miaka 6. Nani alimwandikia barua ya onyo kabla? Barua za onyo wanaandikiwa wenye majina yanayosomeka.

Halafu ukuta wenyewe ukaanguka. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliishinda NCAA nguvu katika kesi ya Alston, na tarehe 1 Julai wanamichezo wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Binafsi nilifurahi, maana vijana walikuwa wakiingiza mabilioni na kurudi bwenini na njaa. Lakini angalia nani aliingia kwanza kupitia mlango ule: walewale mashabiki matajiri. Waliunda vikundi vya kuchanga fedha, kila chuo na chake, na kazi iliyofanywa Dallas gizani ikaanza kufanywa mchana ikiwa na mawakili na nembo. Mei 2022 NCAA ikawakumbusha kwamba wapenzi wa timu bado hawaruhusiwi kusajili. Januari 2024 Tennessee na Virginia zikaishtaki, na Februari jaji akazuia kanuni ya kuwakataza vijana kujadiliana na vikundi hivyo isitumike. Juni 2025 yakaidhinishwa makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka wa kwanza kwa kila chuo.

Je, mtoto yuko salama zaidi? Muulizeni Jaden Rashada. Mwaka 2022, akiwa sekondari, mrusha mpira huyu wa California aliahidiwa dola milioni 13.85 na kikundi cha mashabiki wa Florida. Desemba mkataba ukavunjwa, Januari 2023 akaomba chuo kimwachie aende. Mwezi Mei 2024 akafungua kesi akimshtaki kocha na mfadhili mmoja, akisema alidanganywa. Wakati wa bahasha ungalau bahasha ilifika.

Yule shabiki wa kawaida, asiye na milioni, bado anaambiwa na kurasa za michezo za vyuo asimwandikie kijana anayetafutwa, asimtaje, asimsihi. Maelezo yameandikwa kwa upole zaidi kuliko ile barua ya 2009, wakati mwingine yamewekewa na picha za kuchekesha. Kwa ajili ya kijana, namwomba shabiki atii. Ila sitamlaumu akiuliza kwa nini ni yeye peke yake.

Na John Wall? Mei 2009 aliwatosa majirani zake wa Raleigh akaenda Kentucky. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 1 kuingia NBA. Lakini kabla ya kuanza kucheza chuoni NCAA ilimsimamisha mechi 2, moja ikiwa ya majaribio, na kumtaka arudishe dola kama 800. Zilikuwa gharama za safari za kutembelea vyuo alipokuwa sekondari, zilizolipwa na kocha wa timu yake ya vijana. Kumbe kocha huyo alikuwa pia na leseni ya uwakala. Katika yote yaliyochunguzwa, hakuna mahali Wall aliposema kwamba aliwahi kukisoma kile kikundi cha Facebook.